Nilifunga usukani mrefu, waya zikanionyesha kazi

Mimi ni mrefu, na kwa miaka mitatu niliendesha pikipiki yangu nimejikunja kama mtu anayechungulia uvunguni. Saa moja barabarani, viganja vishakufa ganzi na kiuno kinawaka. Nikanunua usukani unaouzidi ule wa zamani kwa sentimita 8 hivi.

Kabla hujalipa, pima unene wa bomba la usukani. Pikipiki nyingi ni milimita 22, zile kubwa za mwendo wa starehe nyingi ni 25.4, na kuna sukani zilizonenepa katikati hadi 28.6 pale zinapobanwa. Hilo nililijua. Nikafungua bolti nne, nikatoa wa zamani, nikabana mpya, nikajiona fundi.

Kwenda mbele, safi kabisa. Nilipokata kushoto ili nigeuze, injini ikanguruma yenyewe. Mafuta sijavuta! Kumbe waya wa mafuta ulikuwa mfupi, na nilipoukunja usukani hadi mwisho ukavutika. Nilibana klachi haraka, lakini nilishaingia kichakani.

Siku hizi sipandi kabla ya kusimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia ikiwa huru, nikawasha injini na kuugeuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio usibadilike hata kidogo. Hapohapo naangalia kama usukani au vidole vyangu vinagusa tangi. Klachi nayo iwe na uchezo kidogo kwenye mkono wake. Waya ukikaza muda wote, itateleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki.

Paipu ya breki ya mbele ndiyo isiyotaka mzaha. Ikinyooka na kukaza unapogeuza, nunua ndefu, usiibembeleze. Ukishaibadilisha lazima utoe hewa yote mpaka mkono wa breki uwe mgumu, na ufunike tangi kwa kitambaa, maana oili ya breki inakula rangi. Langu lina baka ubavuni mpaka leo.

Halafu swichi. Nyingi zina kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani, na usukani mpya huenda hauna tundu. Fundi mmoja alinishauri nikate kijino. Nilikataa: bila kijino, swichi inazunguka mkononi ukiwa njiani. Pima vizuri, toboa.

Kama unachotaka ni sentimita 2 au 3 tu, achana na usukani mpya. Tafuta vipande vya kuinulia vinavyokaa chini ya vibano. Mara nyingi waya za awali zinafika, ingawa jaribio la kugeuza liko palepale.

Kiuno changu kimepona. Ila ukikaa wima kifua kinakuwa tanga, na nikifika kilomita 100 kwa saa upepo unanivuta mikono hadi shingo inauma. Sasa natafuta kioo cha mbele.