Pipi za utotoni hazininogei tena. Je, ulimi wangu umekufa?

SWALI: Daktari, nina miaka 47. Juzi nilipata pipi za machungwa zilezile nilizozipenda nikiwa shule ya msingi. Nilimung'unya moja nikaitema, utamu umezidi hadi unakera. Jamaa ananiuzia unga wa kusugulia ulimi, eti una uchafu wa miaka mingi. Niutumie?

JIBU: Usiutumie. Huo uchafu wa miaka mingi utajificha wapi? Chembe zinazoonja ladha hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kumi hivi.

Watoto hupenda utamu mkali kuliko watu wazima, na hamu hiyo hupungua mtu anapomaliza kukua. Pipi ni ileile, mlaji ndiye aliyebadilika. Na sehemu kubwa ya unachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Bana pua uweke pipi mdomoni: utapata utamu na uchachu, basi. Achia pua, chungwa hilo! Harufu hiyo hufika upesi kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, ndiyo maana pipi moja inaweza kukurudisha darasani.

Kinachonichosha ni hawa wasafisha ndimi. Napokea watu waliojikwangua hadi damu kwa sababu wameona kwenye kioo vinundu vikubwa nyuma ya ulimi, vimejipanga kama herufi V. Jamani, vinundu hivyo ni maumbile, na ndani yake ndimo zilimo hizo chembe za kuonja! Mtu anavikwangua, kisha analalamika chakula hakina ladha.

Wengine hupewa dawa za madini ya zinki za kupaka puani. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya dawa za namna hiyo baada ya kupokea taarifa zaidi ya 100 za watu waliopoteza uwezo wa kunusa. Zinki ya kumeza husaidia aliyepungukiwa nayo. Ukiizidisha kwa muda mrefu, mwili unapungukiwa madini ya shaba.

Ladha ikipotea ghafla, au mdomo ukiwa na ladha ya chuma baada ya kuanza metformini (dawa ya kisukari) au metronidazo (dawa ya kuua bakteria), mwone daktari na vidonge vyako mkononi. Usiviache mwenyewe, na huyo muuza unga asikuchagulie vingine.