Kumaliza Panya na Vicheche Nchi Nzima: Wasomaji Wanauliza

Toleo lililopita tuligusia kwa ufupi mpango wa Nyuzilandi wa kuwaondoa wanyama wageni wanaoangamiza ndege wake. Barua zimekuwa nyingi. Tumechagua hizi.

*Ni kweli wameamua kumaliza panya wote wa nchi nzima ifikapo 2050? Wamewakosea nini? (Msomaji, Morogoro)*

Ni kweli. Mpango ulitangazwa Julai 2016 na waziri mkuu wa wakati huo, John Key. Walengwa ni panya wa aina tatu, posamu, mnyama mwenye mfuko apandaye miti, aliyeletwa kutoka Australia mwaka 1837 kwa biashara ya manyoya, na vicheche wa Ulaya: stoti, fereti na wizeli. Hawa vicheche waliletwa miaka ya 1880 wawale sungura, ambao nao walikuwa wageni! Mwishoni mwa 2025 waliongezwa paka waliogeuka wa porini.

Kabla binadamu hajafika, mamalia wa nchi kavu huko walikuwa popo tu. Ndege walimwogopa adui wa angani anayewinda kwa macho, na kinga yao ilikuwa kutulia tuli. Stoti huwinda kwa pua, kwa hiyo anayetulia amekwisha. Wengine hutaga chini au ndani ya mashimo ya miti yenye mlango mmoja, na mama hufia juu ya mayai. Kakapo, kasuku asiyeruka, walikuwa wamebaki 51 mwaka 1995. Wameongezeka kwa sababu wanatunzwa kwenye visiwa visivyo na wawindaji hao.

*Mtaani kwetu tunatega panya kila mwaka na kila mwaka wapo. Wenzetu watawezaje nchi nzima? (Msomaji, Mwanza)*

Ninyi mnapunguza. Kumaliza ni kazi nyingine, na ina masharti matatu. Kwanza, kila mnyama, hata jike mwoga kuliko wote, afikiwe na mtego au sumu. Pili, wafe haraka kuliko wanavyozaana. Tatu, asiingie mwingine kutoka nje. Mijini sharti la tatu ndilo linaloangusha: ukisafisha nyumba yako, panya wa jirani anahamia palipoachwa wazi.

Ndiyo maana walianza na visiwa. Kisiwa cha Campbell kina hekta 11,300 na kiko kilomita 700 hivi kusini mwa nchi. Kazi ilifanyika Julai 2001, katikati ya majira ya baridi ya huko, chakula kikiwa haba na panya hawazai. Helikopta zilimwaga tani 120 za chambo chenye sumu ya panya iitwayo brodifakumu, na kila mstari ulifunika nusu ya mstari uliotangulia, kwa kuwa ukanda mwembamba uliorukwa unatosha kuhifadhi panya wa kuanzisha kizazi kipya. Kisha wakasubiri. Kisiwa hakikutangazwa kuwa safi hadi 2003, baada ya msako. Bata wa Campbell, asiyeruka, akarudishwa 2004. Ndege sululu wa huko alirudi mwenyewe kutoka kijisiwa cha jirani alikokuwa amesalimika.

Visiwa zaidi ya 100 vimeshasafishwa. Bara ni ngumu zaidi, kwa hiyo wanaanza na rasi. Miramar, katika jiji la Wellington, ina wakazi wapatao 20,000, na uwanja wa ndege umekaa kwenye shingo yake kama kizuizi. Novemba 2023 ilitangazwa kuwa haina tena panya wakubwa, stoti wala wizeli.

*Mkuu wa mpango kama huu anafanya nini hasa? (Msomaji, Nairobi)*

Muda mwingi anashughulika na ruhusa, ramani na bajeti. Jijini, ua mmoja ambao mwenyewe amekataa watu kuingia ni kiota cha panya wa mtaa mzima, hivyo ni lazima kubisha hodi mlango kwa mlango na kurudi tena kwa upole pale walipokataliwa.

Upande wa fedha, kampuni ya serikali iliyoundwa kwa kazi hii ilitoa dola moja kwa kila dola mbili za halmashauri na wafadhili. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuivunja na kurudisha majukumu Idara ya Uhifadhi. Kwa maoni yetu utaratibu wa moja kwa mbili ulikuwa wa busara: mahali ambapo wenyeji hawako tayari kuchangia, hata mitego haitakaguliwa.

Vita kubwa ya mkuu huyu huja mwishoni. Panya wengi hukamatwa miezi ya mwanzo. Wachache wa mwisho ndio wanaokula pesa, na ndipo wenye mfuko huuliza kwa nini walipie wafanyakazi wale wale ilhali wanaokamatwa ni wawili kwa mwezi. Akikubali kupunguza timu wakati huo, amerudi mwanzo.

Jambo jingine ni kutabiri. Misitu ya miti ya biichi huko huzaa mbegu nyingi sana miaka fulani, hasa kiangazi kimoja kikiwa na joto kuliko kile kilichokitangulia. Mbegu zikimwagika panya hulipuka, stoti wanaowala huongezeka, na mbegu zikiota au kuoza wote hugeukia ndege. Mkuu anayesoma takwimu za joto mapema huagiza helikopta na chambo kabla ya mlipuko. Anayesubiri kuona panya ameshachelewa.

*Nieleze mtego wa stoti: kasha, umbali, chambo, na makosa ya kawaida. (Mwanafunzi, Moshi)*

Unaotumika sana ni DOC 200, mtego wa chuma wa kubana unaowekwa ndani ya kasha la mbao. Kasha lina vizuizi viwili vya wavu wenye matundu yasiyolingana mstari, ili mnyama apinde mwili na kukanyaga bamba kwa uzito wote, afe papo hapo. Vizuizi pia vinazuia ndege wadadisi. Chambo ni yai zima la kuku, pamoja na kipande cha nyama ya sungura iliyokaushwa au mbichi.

Weka mtego kila mita 100 hadi 200 kwenye mstari, kufuata kingo za mito, vilele na njia, kwa sababu stoti hupita huko. Mistari isiachane zaidi ya kilomita moja. Ukiiachanisha mno utakamata madume yanayozurura mbali na kuacha majike yenye maeneo madogo, na jike ndiye hatari. Stoti jike hupandwa angali kinda ndani ya tundu, kisha hubeba mimba iliyosimama kwa miezi mingi. Jike mmoja akivuka maji peke yake anaweza kuwa amebeba kizazi kizima.

Makosa: kasha lililokaa juu ya mzizi likatikisika, na mnyama akagoma kuingia, springi zenye kutu, yai lililopasuka likaliwa na nyigu. Kubwa kuliko yote ni panya kuijaza mitego. Mtego wenye mzoga wa panya haukamati stoti, hivyo panya wakifurika ukaguzi wa mara moja kwa mwezi hautoshi.

Panya wenyewe wanahitaji gridi ya karibu, kama mita 50 kwa 100. Wanaogopa kitu kipya, basi acha mtego bila kuutega, wenye siagi ya karanga, wiki moja au mbili kabla ya kuutega. Kupima, tumia vijihandaki vya nyayo: kumi kwa mstari, kila mita 50, kila kimoja na karatasi yenye wino katikati na siagi ya karanga. Acha usiku mmoja, hesabu vilivyokanyagwa. Palipo na ndege dhaifu lengo huwa chini ya asilimia 5.

*Sumu ya 1080 inamwagwa kutoka angani. Si hatari? (Msomaji, Kampala)*

Ni hatari, hasa kwa mbwa, na imezua ubishi mkali huko. Lakini huvunjwavunjwa na viumbe wadogo ndani ya udongo na maji, tofauti na brodifakumu inayokaa mwilini muda mrefu. Mwaka 2011 kamishna wa bunge wa mazingira, Jan Wright, aliichunguza na kupendekeza iendelee kutumika.

Chambo kina asilimia 0.15 ya sumu na hupakwa rangi ya kijani isiyowavutia ndege. Kwanza humwagwa chambo kisicho na sumu, wanyama wazoee. Siku kadhaa baadaye hufuata chenye sumu, kilo moja au mbili kwa hekta. Ukiruka hatua ya kwanza, mnyama huonja kidogo, huugua, hupona, na hatakigusa tena.

*Na kunguru wetu wa Kihindi je? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Kunguru huyu aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Unguja walipunguzwa sana miaka ya 1990 kwa mitego na sumu, kazi ikalegea, wakajaa tena. Kenya nayo ilitangaza kampeni ya sumu mwaka 2024. Pima kwa yale masharti matatu: anaruka na anapanda meli, na jalala zetu zinamlisha bure. Dar peke yake haitammaliza. Unguja ingeweza, kama bandari ingelindwa na kazi isikatizwe.

*Panya akirudi kisiwani baada ya kusafishwa? (Msomaji, Zanzibar)*

Kwenu kuna mfano: Chumbe iliondolewa panya mwaka 1997. Panya hurudi na mizigo, kwa hiyo fungueni magunia na makasha ndani ya chumba kilichozibwa kabla ya kuyasambaza, na wekeni mitego gatini muda wote.

Msidharau mmoja. Mwaka 2004 watafiti wa Nyuzilandi walimwachia panya mmoja mwenye redio shingoni kwenye kisiwa cha hekta 9.5, makusudi, waone watamkamataje. Aliwashinda wiki kumi, akaogelea mita 400 hadi kisiwa kingine, akakamatwa wiki ya 18. Kwa hiyo mitego, chambo na mbwa wa kunusa viwe tayari kabla hamjaona kinyesi. Mkimkamata, hifadhini kipande cha mkia kwenye spiriti: vinasaba vitaonyesha kama alisalia kwenye msako wa kwanza au ameshuka bandarini, na majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mnarudia kisiwa kizima au mnakagua mashua.