Shanga hazinasi protini, ninunue mpya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma masters ya baiolojia ya molekuli. Nimelebo protini zangu na bayotini ya NHS (bayotini ni kimolekuli kidogo cha lebo, NHS ndo inayoigandisha kwenye protini) nikaziweka kwenye shanga za sumaku zilizopakwa streptavidini, protini inayoshika bayotini, nusu saa zinazunguka, lakini nikipima maji yaliyobaki protini karibu yote bado iko humo. Na hiyo kidogo iliyonasa haitoki, nimeweka bafa yenye bayotini kibao wapi. Lab wanasema ninunue shanga mpya na hela hamna.

JIBU: Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Mi nashuku bayotini huru, ile iliyobaki bila kushika protini, maana streptavidini moja ina nafasi 4 tu na hivi vimolekuli vidogo vinawahi siti zote kabla protini yako haijafika, sasa shanga zimejaa na zenyewe ni nzima kabisa. Pitisha sampuli kwenye kolamu ya kuondoa chumvi, inaondoa na vimolekuli vidogo, au fanya dayalisisi (kuchuja kupitia utando) usiku kucha kwa baridi, halafu jaribu na shanga kidogo tu uone tofauti. Kama seli zako zinakua kwenye RPMI 1640, yaani maji ya kukuzia seli, nayo ina bayotini 0.2 mg kwa lita, kwahiyo zioshe vizuri na PBS (bafa ya chumvi na fosfeti). Na kama ulilebo ndani ya bafa ya Tris, basi Tris ndo ilikula ile NHS, maana nayo ina amini kama protini, protini haikupata lebo kabisa na hapo itabidi urudie kwa PBS.

Kuhusu kutoa, hapo usijilaumu, huo mshiko ni kati ya mishiko mikali kabisa isiyo ya kovalenti tunayoijua, bayotini ya ziada kwenye joto la kawaida haiwezi kuuachisha. Chemsha shanga kwenye bafa ya SDS 2% (sabuni kali inayokunjua protini), 95°C dakika 5. Kwenye jeli utaona bendi ya kama kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) 13 au 14, hiyo ni streptavidini yenyewe imetoka. Ukitaka protini itoke hai, safari ijayo lebo kwa bayotini yenye daraja la disalfaidi uikate na DTT, kemikali inayovunja daraja hilo, au tumia desthiobayotini, hiyo inashika kwa ulegevu na inaachia ukiweka bayotini ya kawaida. Ila kama unapeleka mass spec (mashine ya kutambua protini kwa uzito) wala usihangaike kuitoa, weka tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, hapohapo juu ya shanga.

Halafu tafadhali weka tyubu moja ya sampuli isiyo na lebo, watu wengi wanairuka hii, kumbe seli zina protini zenye bayotini yake ya asili, vimeng'enya vinavyoitwa karboksilasi, vya kDa 75 na 130 hivi, zitanasa tu na utadhani ni zako.