Jibu: Gari mpya za spoti bado zina raha?
Mkuu umeuliza kama spoti za siku hizi bado zina raha ya kuendesha au zimebaki kukimbia tu. Raha ipo ila lazima uchague. Nyingi zina usukani wa umeme na gia otomatiki, zinachomoka balaa lakini mkononi huisikii barabara, na mpaka uanze kufurahia ushapita kilomita 150 kwa saa, hapo trafiki kashakupiga tochi ya kupima spidi hata Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro-Dodoma, hujafika. Tafuta nyepesi yenye klachi, kama Mazda MX-5 ina kilo elfu moja na kidogo tu, au Toyota GR Yaris ile ya silinda tatu turbo. Aisee hata ya zamani, ukikuta Toyota Altezza RS200 ya gia sita ambayo haijachokonolewa chukua, kona za Kolo kule Kondoa utazienjoi hata kwenye 60.