Risepta za homoni kwenye kansa ya titi: maswali yenu

Dada angu alichukuliwa kinyama kwenye titi, majibu yameandika ER 90%. Ndo kansa imeshamla 90%?

Hapana ndugu yangu, tulia kwanza. ER ni risepta ya estrojeni, yaani protini ya seli inayoshika homoni ya kike iitwayo estrojeni, na hiyo 90% maana yake kwenye seli za kansa zilizoangaliwa kwa darubini, 90 kati ya kila 100 zilishika rangi ya risepta kwenye kiini, kile chumba cha seli chenye DNA. Kuanzia 1% tu inahesabiwa chanya. Kwa dada yako hii ni habari nzuri kwa kweli, dawa za kuzuia homoni zina pa kushika.

Mbona nlisoma risepta zinakaa juu ya ngozi ya seli?

HER2, risepta nyingine inayopimwa kwenye kansa ya titi, ndo inakaa huko. Ya estrojeni ni tofauti, na hata wanasayansi walihangaika nayo sana, Elwood Jensen wa Chicago aliigundua mwishoni mwa miaka ya 1950 halafu kwa miaka mingi wakaamini inasubiri nje ya kiini, ikidaka homoni ndo inaingia ndani, mpaka 1984 ikaonekana kumbe nyingi ziko ndani ya kiini tayari, homoni iwepo isiwepo. Estrojeni ina asili ya mafuta kwahiyo inapenya yenyewe mpaka huko. Zipo chache zinazobandikwa mkia wa mafuta zikaenda kukaa ukutani mwa seli, hizo zinatuma ujumbe ndani ya dakika chache tu.

Sasa huko ndani ya kiini zimetulia?

Wapi! Hapa ndo napapenda mimi. Watafiti waliiunganisha risepta na protini ya kijani inayong'aa ya yavuyavu wa baharini, wakafuta mng'ao sehemu moja kwa leza wakaangalia unarudi baada ya muda gani. Bila homoni unarudi fasta sana, sekunde tu, zinazunguka hatari. Estrojeni ikija zinapunguza mwendo maana zinashika DNA na kuita protini za kuwasha jeni. Ukiweka fulvestranti, ile dawa ya sindano ya kuzuia estrojeni, zinanata pale pale kisha seli inazivunja. Tamoksifeni, dawa nyingine ya kuzuia estrojeni, haizivunji, inakaa kwenye kiti cha estrojeni na kuipindua risepta umbo, risepta inashika DNA sawa ila zile protini za kuwasha jeni haiwezi kuziita.

Mama kashatolewa uvimbe, anataka kuacha tamoksifeni baada ya miezi 6 sababu ya joto la mwili.

Jamani asiache! Risepta haidumu, ni masaa tu inavunjwa na seli inatengeneza nyingine, kwahiyo kama kuna seli iliyojificha mahali, mama akiacha dawa risepta mpya zinakutana na estrojeni bila kizuizi. Kawaida ni miaka 5, wengine 10. Hilo joto amwambie daktari, kuna njia za kulipunguza. Na kama alishakoma hedhi halafu akaona damu, aende hospitali haraka asisubiri tarehe ya kliniki, kwenye mfuko wa uzazi dawa hii inaweza kufanya kinyume, ikaamsha badala ya kuzuia.