Kabla Hamjafungua Makumbusho ya Ndege, Tafuteni Karatasi

Kijana mmoja wa Lamu ameniandikia wiki hii. Yeye na wenzake wamekusanya vipande vya ndege kuukuu na wanataka kufungua makumbusho kisiwani Manda, karibu na uwanja wa ndege. "Mzee, tuanzie wapi?"

Anzeni na karatasi, mwanangu. Mapenzi mnayo tayari.

Sisi huku Malindi tulianza na mapenzi: fundi mstaafu wa ndege, walimu wachache, vijana wa boda, na mimi. Hakuna aliyelipwa hata senti. Tajiri mmoja alituazima banda, kwa mdomo tu. Tukapanga propela ya mbao, viti, na picha za East African Airways, lile shirika la nchi tatu lililoanza 1946 likafa 1977. Ukutani tukachora San Marco, jukwaa la kurushia roketi kule Ngomeni, ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Watoto wa shule nikiwauliza roketi hurushwa wapi, wote "Marekani!" Nikiwaambia hata Ngomeni ziliwahi kurushwa, wanacheka, wanadhani babu anawatania. Raha ile sijaipata tena.

Kisha kuna chumvi ya upepo wa bahari, inayokula ndege. Alumini haishiki kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, hasa kwenye ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati. Ukiona rangi imefura, ujue chini kumeshaliwa. Dawa ni kuosha kwa maji matamu, kukausha, kupaka mafuta, na kurudia bila kuchoka. Siku ya ufunguzi banda lilijaa watu na kamera. Siku za kuosha tulikuwa mimi na fundi.

Banda likauzwa. Tuliambiwa tutoke, na wale wa kamera simu zetu hawakushika. Propela sasa imetundikwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, bila hata kibao cha kueleza ni nini. Watu hunywa madafu chini yake. Vijana, acheni kupenda sherehe kuliko kazi! Andikishianeni kwa wakili, na gawaneni zamu za ufagio kabla ya vyeo.

Na huko Manda kuna jambo jingine. Mji wa Takwa ulihamwa karne ya 17, na shida ya maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Ndege zenu mtaziosha kwa maji gani, na boti ya kuyavusha atailipa nani?