Maswali ya Wasomaji: Watoto Wadogo na Sanamu ya Tembo Ahmed

SWALI: Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Tulipotembelea Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, walipita mbio kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na jioni hawakuweza kunieleza walichokiona. Nifanyeje ili wawatazame kwa makini wanyama walioundwa na wasanii?
Mama Baraka, Ongata Rongai

JIBU: Mama Baraka, punguza vya kutazama. Kwa watoto wa umri huo mnyama mmoja anatosha asubuhi nzima, na hapo yupo anayefaa kuliko wote: Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, naye akafa mwaka 1974. Mifupa yake imehifadhiwa makumbushoni, na sanamu yake ya faibaglasi, yenye ukubwa wa tembo mzima, imesimama uani.

Anzeni na mifupa. Waambie watoto wautafute mkonga, nao hawatauona, kwa sababu mkonga ni misuli isiyo na mfupa. Masikio pia hayapo, kwa kuwa ni ngozi na gegedu. Usiwape jibu mapema. Kisha nendeni uani, uwaulize msanii alilazimika kuongeza nini ili mifupa ile iwe tembo. Hapo yule wa miaka 6 ataanza kuelewa kwamba sanamu ni kazi ya mtu aliyefanya uamuzi: mkonga uelekee wapi, masikio yatanuke kiasi gani, ngozi ikunjamane wapi. Mdogo wake huenda akataka tu kusimama kama Ahmed, na huko nako ni kutazama, maana hawezi kuiga asichokichunguza.

Swali la "Huyu ni mnyama gani?" (ambalo sisi wazazi tunalipenda mno) hufa kwa jibu la neno moja. Afadhali uulize, "Umeona nini hata ukasema hivyo?" kisha unyamaze, hata kimya kikizidi kidogo. Beba karatasi na penseli, si rangi za maji, na wakimchorea Ahmed miguu sita usiwasahihishe. Waombe wahesabu pamoja nawe miguu ya sanamu.

Ukumbi wa ndege uacheni kwa safari nyingine, hata wakiulilia.